Kitambulisho cha Kasarani kifike hadi dirishani Busia

Jumanne, Novemba 28, 2017, Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya aliapishwa kwa muhula wa pili, ambao kwa mujibu wa Katiba ndio wa mwisho, katika Uwanja wa Kasarani jijini Nairobi. Mizinga 21 ilipigwa, gwaride likapita, na jukwaani walikaa viongozi wa nchi jirani, miongoni mwao Yoweri Museveni wa Uganda, Paul Kagame wa Rwanda na Salva Kiir wa Sudan Kusini. Ilikuwa siku ya mapumziko Kenya nzima na benki zilifungwa, kwa hiyo hata mfanyabiashara wa Malaba aliyekuwa akisubiri fedha zake ziingie alikuwa na muda wa kukaa karibu na redio.

Aliyesikiliza hotuba hadi mwisho alipata lake. Rais alitangaza kwamba Mwafrika yeyote anayekwenda Kenya atapewa viza pale pale anapoingilia. Kisha akawageukia raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: wakitaka huduma nchini Kenya watachukuliwa kama Wakenya, watakachohitaji ni kitambulisho tu, wataweza kufanya kazi, kufanya biashara, kumiliki mali, kulima, na aliyepata mwenzi akakubaliwa, basi aoe au aolewe na aishi huko. Akaongeza kwamba Kenya haiwawekei majirani sharti la kulipa kwa wema uleule.

Gazeti hili lilianzishwa ili maneno ya namna hiyo yawe na mahali pa kuandikwa. Tulimpongeza Rais Kenyatta kwa kuapishwa, na tulimpongeza zaidi kwa aya hiyo moja ya hotuba yake. Ni nadra kiongozi kutumia siku yake kubwa nyumbani kuzungumza na watu wasiompigia kura.

Lakini wasomaji wetu wanaujua mpaka. Wanajua kwamba kati ya kauli ya rais na dirisha la afisa uhamiaji kuna waraka, na afisa hutii waraka. Mpaka tulipoandika tahariri hii waraka huo ulikuwa haujawafikia wafanyabiashara tuliozungumza nao. Mama mmoja anayevusha dagaa wakavu alituuliza swali ambalo nasi tunaliuliza: kesho nikifika na kitambulisho changu nikasema Rais amesema, nitapita?

Tumpe kiongozi haki yake kwanza. Aliposhika madaraka Aprili 2013, lori lililobeba kontena kutoka bandari ya Mombasa kwenda Kampala lilitumia siku 18 hivi njiani, likisimamishwa kwenye mizani, kwenye vizuizi vya polisi, na tena mpakani ambako makaratasi yaleyale yaliyokaguliwa Mombasa yalianza kukaguliwa upya kana kwamba hakuna aliyeyaona. Kuanzia 2014, Kenya, Uganda na Rwanda zilipoanza kutumia Himaya Moja ya Forodha, kodi ya mzigo wa Kampala au Kigali ikawa inalipwa kabla mzigo haujatoka bandarini. Maafisa wa forodha wa Uganda na Rwanda wakapewa ofisi Mombasa. Safari ya Kampala ikashuka hadi siku nne hivi. Anayejua gharama ya dereva kulala njiani, na riba ya mkopo inavyokua huku mzigo umekaa, hahitaji kuelezwa maana ya siku 14 zilizookolewa.

Mwaka huohuo raia wa nchi hizo tatu wakaanza kuvuka kwa vitambulisho vya taifa bila pasi ya kusafiria. Mwishoni mwa 2014 bei ya kupigiana simu kati ya nchi hizo ikashushwa, na kwa mara ya kwanza mchuuzi wa mayai wa Mbale akaweza kumpigia mteja wake wa Eldoret kuuliza bei bila kuhesabu sekunde. Mambo hayo hayakufanywa na Rais Kenyatta peke yake. Walikuwa watatu, yeye na Museveni na Kagame, wakikutana mara kwa mara. Hata hivyo bandari ni ya Kenya, na mwenye mlango ndiye anayeufungua.

Upo pia umeme. Wateja wa kampuni ya umeme ya Kenya walikuwa milioni 2.3 katikati ya 2013. Katikati ya 2017 walikuwa wamepita milioni 6. Anayehifadhi samaki kwenye friji Busia upande wa Kenya anajua tofauti.

Halafu ipo reli, na hapa sifa inabidi iende taratibu. Treni ya abiria kati ya Mombasa na Nairobi ilianza safari zake mwezi Juni 2017, na waliopanda wanaisifu kwa usafi na kwa kuondoka kwa saa. Sehemu kubwa ya fedha za kuijenga ni mkopo kutoka Benki ya Exim ya China, na mkopo huo lazima ulipwe na mizigo, kwa sababu abiria peke yao hawawezi. Mizigo hiyo ni ipi kama si ya Uganda, Rwanda, Kongo na Sudan Kusini? Lakini mwaka 2017 reli iliishia Nairobi. Kipande cha kwenda Naivasha kilikuwa kinajengwa, na kutoka hapo hadi Malaba yalikuwa bado ni maelezo. Wakati huohuo Rwanda ilielekeza macho yake kwenye reli ya kupitia Tanzania, ambayo ujenzi wake kutoka Dar es Salaam ulianza 2017, na bomba la mafuta la Uganda likapangiwa kwenda Tanga. Agosti 2017 jiwe la msingi liliwekwa Chongoleani. Majirani hawakuikimbia Kenya kwa chuki. Walipiga hesabu. Muhula wa pili ulikuwa wa kupimwa kwa hesabu hiyo kuliko kwa idadi ya waliojaa Kasarani.

Ukitazama mafanikio haya kwa makini utaona jambo moja: karibu yote ni ya mtu mwenye kontena. Himaya Moja ya Forodha ni ya mwenye wakala bandarini. Reli ni ya mwenye tani. Mfanyabiashara wa magunia matatu, wa trei ishirini za mayai, wa robota moja la vitenge, yeye amepata kitambulisho na simu ya bei nafuu, na baada ya hapo dunia yake imebaki ileile.

Si kwamba alisahaulika kwenye makaratasi. Utaratibu rahisi wa biashara ndogo wa Jumuiya upo: mzigo ambao thamani yake haizidi dola 2,000, ukiwa umezalishwa ndani ya Jumuiya na umo katika orodha iliyokubaliwa, unapewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa hapohapo mpakani, bila wakala, na hautozwi ushuru wa forodha. Kwa mayai, mahindi, maharagwe na ndizi utaratibu huo ungetosha kuzimaliza kabisa njia za panya.

Hazijaisha. Sababu tunazozisikia kila tunapokwenda mpakani hazibadiliki. Cheti kinatolewa na afisa ambaye leo yupo na kesho hayupo. Orodha ya bidhaa haijabandikwa ukutani, na ikibandikwa ni kwa Kiingereza. Kutotozwa ushuru wa forodha hakumaanishi kutotozwa kitu: kuna ukaguzi wa afya ya mimea, kuna alama ya ubora, kuna kodi nyingine za ndani, na mwenye magunia matatu hana namna ya kujua ipi ni halali na ipi imebuniwa asubuhi ile. Kwenye kituo kimoja ambacho hatutakitaja, mwandishi wa tahariri hii alimwona mwanamke akilipia karatasi ambayo juu yake imeandikwa kwamba haiuzwi. Alipoulizwa kwa nini amelipa, alijibu kwamba kubishana kungemgharimu siku ya soko, na siku ya soko ni ghali kuliko hiyo pesa.

Huyo ndiye aliyeahidiwa Kasarani. Kontena halina kitambulisho. Mtu ndiye mwenye nacho. Kwa hiyo kauli ya Jumanne ile, kama ingetekelezwa, ingekuwa ya kwanza katika utawala ule kumgusa mvukaji mdogo kabla ya mkubwa. Ndiyo maana hatukutaka ibaki hotuba.

Na ilitolewa katika mwaka mgumu. Kati ya Aprili na Julai 2017, Kenya na Tanzania zilizuiliana bidhaa: Kenya ikazuia gesi ya kupikia iliyokuja kwa barabara na unga wa ngano kutoka Tanzania, Tanzania nayo ikazuia maziwa na sigara za Kenya, mpaka mawaziri wa mambo ya nje walipokaa na kumaliza. Oktoba, Tanzania ikapiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji kutoka Kenya walioingia kutafuta malisho. Mwisho wa mwezi huohuo vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya vikachomwa moto Namanga, kwa maelezo ya kuzuia mafua ya ndege. Nchi ina haki ya kuzuia ugonjwa wa mifugo, na mfanyabiashara aliyepitisha vifaranga bila kibali alijua anachokifanya. Lakini picha ile ilisambaa kwenye simu za watu wote wa mpakani, na walioiona hawakusoma kanuni za mifugo. Walisoma ujirani.

Wiki nne baadaye Rais wa nchi yenye ng'ombe na vifaranga hivyo anasimama mbele ya dunia, na badala ya kulipiza anafungua mlango. Tunaamini hilo ndilo jambo kubwa zaidi alilolifanya siku ile, kuliko viapo na gwaride. Wapo Nairobi waliotaka asikike mkali. Kunyamaza kwao Jumatano kunaonyesha kwamba wema nao una nguvu zake katika siasa.

Sasa tuseme yale ambayo kauli ile haiwezi kuyafanya, maana tumeshasikia watu wakizungumzia mashamba ya Kitale kana kwamba hati zinagawiwa.

Katiba ya Kenya, kifungu cha 65, inasema asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Rais hawezi kuibadilisha kwa hotuba. Sheria ya udhibiti wa ardhi nayo inazuia shamba la kilimo kuuziwa au kukodishwa kwa asiye raia, isipokuwa Rais mwenyewe atoe msamaha kwa tangazo rasmi. Kwa hiyo anayesema "kulima" amesema jambo linalowezekana, lakini kwa kalamu yake Rais, na kwa mkataba wa kukodi, si kwa kitambulisho peke yake. Aliyekimbilia kulipa malipo ya awali ya shamba mwezi ule kwa sababu ya Kasarani alimpa dalali zawadi ya Krismasi.

Ndoa vilevile. Kuoa Kenya hakukuhitaji ruhusa ya rais hata kabla ya hotuba hiyo. Kinachohitaji subira ni uraia: Katiba inataka ndoa iwe imedumu miaka saba ndipo mwenzi aombe kusajiliwa. Tunalitaja hili kwa sababu ndilo lililochekesha watu wengi zaidi vijiweni, na yapo maswali yaliyofika ofisini kwetu ambayo hayakuwa utani.

Kuhusu kazi na biashara, Itifaki ya Soko la Pamoja ilikwishaahidi mengi ya haya tangu ilipoanza kutumika Julai 1, 2010. Miaka saba na zaidi kabla ya hotuba hiyo. Jipya la Jumanne ile lilikuwa kwamba Kenya ilisema itatekeleza upande wake bila kusubiri wengine. Basi tunaomba mambo yanayoonekana. Tangazo katika Gazeti la Serikali, lenye kutaja vitambulisho vipi vinakubalika na mvukaji anaruhusiwa kukaa siku ngapi. Waraka kwa maafisa uhamiaji wa Busia, Malaba, Namanga, Taveta, Isebania na Lunga Lunga, na nakala yake ibandikwe nje kwa Kiswahili, mahali ambapo anayepanga foleni anaweza kuisoma kabla hajafika dirishani. Na itamkwe wazi kama kibali cha kazi bado kinahitajika kwa mtu anayefungua kibanda cha kuuza vitenge Kisumu. Hilo la kibanda ndilo litakalozua ugomvi mwingi, kwa sababu Rais amesema biashara, hakusema biashara ya ukubwa gani.

Zipo pia kaunti. Tangu 2013 leseni za biashara na ushuru wa masoko nchini Kenya uko mikononi mwa kaunti 47, nazo haziongozwi kutoka Ikulu. Mganda anayeshusha ndizi katika soko la upande wa pili hukutana na karani wa kaunti kabla hajakutana na mtu yeyote wa serikali kuu. Kama karani huyo ana kiwango kimoja kwa Mkenya na kingine kwa "mgeni", basi maneno ya Kasarani yameishia lango la soko. Magavana wa kaunti za mpakani walikuwa hawajasema lolote hadi tulipoandika, na tulipenda wasikike.

Kwa upande wetu majirani kuna kazi pia. Mganda ana Ndaga Muntu yake na Mnyarwanda ana kadi yake ya taifa. Mwaka 2017 Tanzania ilikuwa bado haitumii kitambulisho kama hati ya kuvukia, na wafanyabiashara wake wengi walikuwa bado hawajakipata kitambulisho cha taifa mkononi. Mchuuzi wa Sirari au Horohoro hawezi kunufaika na ukarimu wa Kenya kama serikali yake haijampa karatasi ya kuuonyeshea ukarimu huo. Kenya ilisema haisubiri malipo. Hilo haliwazuii Dodoma, Juba na Bujumbura kulipa kwa hiari, na tunazisihi zifanye hivyo kabla ukarimu huu haujaanza kuonekana ujinga machoni pa Mkenya anayeshindana na wageni sokoni kwake, huku yeye akienda kwao anaombwa pasi.

Hatuwezi kufunga bila kutaja yaliyokuwa nje ya uwanja. Uchaguzi wa Agosti 8 ulifutwa na Mahakama ya Juu. Ule wa marudio wa Oktoba 26 ulimpa Rais Kenyatta asilimia 98 ya kura baada ya mpinzani wake mkuu, Raila Odinga, kujitoa na kuwataka wafuasi wake wasipige kura. Siku ya kuapishwa polisi walirusha mabomu ya machozi kwa watu waliosukumana kuingia Kasarani, na upande mwingine wa jiji walitumia hayohayo kuwatawanya waliotaka kukusanyika na Odinga kuwakumbuka waliouawa tangu uchaguzi uanze. Odinga wakati huo alisema naye angeapishwa Desemba 12.

Wasomaji wetu wengi hawana kura Kenya, na hatuwaambii nani ana haki. Lakini bili ya ugomvi wa Nairobi huwafikia. Mapema 2008 reli iling'olewa Kibera, na muda si mrefu mafuta yakaadimika Kampala na Kigali. Wenye maduka wanakumbuka walivyouza mshumaa kwa bei ya dhahabu, na wenye malori wanakumbuka waliobaki njiani na mizigo iliyooza. Mwaka 2017 haikuwa imefika huko. Hata hivyo tangu Agosti wenye mizigo walikuwa wakiagiza kidogo kidogo, kwa wasiwasi, na wakopeshaji walikuwa wazito. Rais aliyewafungulia mlango majirani bila masharti angeweza pia kuketi na mpinzani wake, na mpinzani naye akakubali kuketi. Hilo tuliliomba kama watu wanaoitegemea barabara ya Mombasa kwa chakula cha watoto wao.

Kwa waliokuwa wakivuka wiki ile ushauri wetu ulikuwa huu: bebeni kitambulisho, lakini msiiache nyumbani pasi au hati ya muda mliyokuwa mkitumia, mpaka waraka uonekane. Dai cheti rahisi cha asili ya bidhaa kama mzigo wako ni chini ya dola 2,000, na omba risiti kwa kila shilingi. Msifungashe bidhaa kwenye mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku tangu Agosti 28, 2017, na faini yake inafika shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka minne. Na mwenye mzigo wa Krismasi wa kupitia Nairobi, tulimshauri uwe umepita kabla ya Desemba 12.